Mlinzi wa Chemchemi

Mtu akaapo Korogwe, akautazama mto Ruvu, ambao watu wa pwani huuita Pangani kwa jina la mji unakoishia, ukipita taratibu chini ya milima ya Usambara na kuyapokea maji ya Lwengera, hana budi kutambua ya kuwa mji huu haukuwa wa wachuuzi na wasafiri wa biashara peke yao, bali tangu zamani umekuwa njiapanda ya wagonjwa. Wapo washukao hapa wakapanda mlimani kwenda Lutindi, ambako kuna hospitali ya maradhi ya akili. Wapo wavukao mto wakashika njia ya Handeni, kwa kuwa sifa za waganga wa Kizigua zimevuma mbali, hata mtu wa Mwanza au wa Lindi akikata tamaa ya dawa za kwao huambiwa na jirani ajaribu Handeni. Na wapo, ingawa siku hizi ni wachache, wapitao tu kuelekea Tanga, kwenye majimoto ya Amboni, na madumu matupu mikononi na maumivu katika viungo. Hawa wa mwisho ndio ninaotaka kuwasemea, kwa sababu bibi yangu alikuwa mmoja wao.

Bibi, mzaa mama, alikuwa Mzigua wa upande wa Handeni aliyeolewa Korogwe, na magoti yake yalianza kumsumbua kabla mimi sijajua kuhesabu. Alikwisha kwenda kwa waganga wa kwao, akafungiwa hirizi na kuchanjwa chale. Alikwisha kwenda hospitalini, akapewa vidonge. Kisha jirani mmoja wa Kidigo, mke wa fundi wa reli, akamwambia habari za maji yanayochemka yenyewe bila kuni, kando ya mto Sigi, ambayo mtu akiyaoga siku saba kwa nia njema hurudi kwake akitembea. Tukapanda garimoshi, bibi, mjomba na mimi, tukaipita Muheza, kati ya mashamba ya mkonge yaliyonyooka kama mistari ya daftari, na bibi njia nzima hakusema neno ila kuniuliza kama nilikuwa na njaa. Ninachokikumbuka zaidi ni harufu. Kabla hatujayaona maji tuliyasikia kwa pua, harufu ya yai lililooza, nami nikaiziba pua yangu, na bibi akanishika mkono akaushusha taratibu, akasema nisiyatukane maji ya watu.

Neno hilo, maji ya watu, halikuniondoka.

Elimu ya maji haya si ya siri. Mvua inyeshayo juu ya ardhi huzama katika nyufa za mawe, ikashuka chini sana ambako dunia yenyewe ina joto, ikajaa madini, kisha ikasukumwa kurudi juu kwa njia nyingine, nayo hutokea ikiwa moto na imebeba kile ambacho wazee wetu walikiita kiberiti upele, na jina hilo peke yake latosha kuwa ushahidi, kwa maana walikuwa wakiisaga dawa hiyo na kuichanganya na mafuta kwa ajili ya upele muda mrefu kabla tabibu wa Kizungu hajaileta katika kopo. Na kuhusu joto, hakuna mganga wala daktari atakayekana kwamba kiungo kilichokakamaa hulegea katika maji ya moto. Sidai zaidi ya hayo. Sidai kwamba kiwete hutupa mkongojo wake pale. Walakini bibi alikaa siku saba, na alipopanda garimoshi kurudi Korogwe alipanda ngazi za behewa bila kushikwa, nami nilikuwa nyuma yake nikitazama.

Watu wa Tanga huziita chemchemi hizo kwa jina la Galanos, mkulima wa mkonge wa Kigiriki, ambaye jina lake limebaki pia katika shule ya sekondari mjini humo. Wagiriki walikuwa wengi katika mashamba ya mkonge ya nchi hii, na kwao Ugiriki desturi ya kuoga majimoto kwa shifa ni ya kale, kwa hiyo si ajabu kwamba mtu wa kwao alipoyaona maji yale aliyafahamu mara moja. Zikajengwa kuta, yakajengwa mabirika ya kuogea. Kisha zama zikageuka: bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yakataifishwa, wenye mashamba wakatawanyika, na kuta zile, ambazo zilikuwa na mwenyewe lakini hazikuwa na mlinzi, zikaanza kupasuka, mizizi ikaingia katika saruji, majani yakajaa katika birika. Nilirudi nikiwa mtu mzima na nywele zenye mvi, nikaikuta hali hiyo, nami nakiri kwamba nilisimama pale kwa uchungu kana kwamba nimekuta kaburi la jamaa limeota magugu. Maji yenyewe hayakuwa na habari. Yalikuwa yakibubujika vilevile, moto uleule, harufu ileile.

Na si mbali na hapo, kwenye kijiji cha Kiomoni, kiasi cha kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga, kuna mahali pengine ambapo hali ni kinyume chake. Mapango ya Amboni, yaliyochimbwa na maji katika mawe ya chokaa ambayo wataalamu hukadiria umri wake kuwa miaka milioni 150, yanajulikana kwa watalii kwa giza lake na popo wake na visa vya Osale Otango, mhalifu aliyejificha humo zama za Waingereza, ambaye wengine humsimulia kama jambazi na wengine kama mtetezi wa wanyonge. Serikali ya kikoloni iliyatangaza kuwa hifadhi mwaka 1937, na mwaka 1963 yakawekwa chini ya idara ya mambo ya kale. Mwaka 1994 wapimaji wa Kijerumani na wa Kituruki waliyapima, wakayahesabu kuwa kumi, na refu kuliko yote likawa na mita 900. Lakini watu wa karibu, Wadigo, Wasegeju, Wabondei na hata Washambaa washukao milimani, hawaendi pale kuhesabu mita. Huenda chumba cha mzimu wa Mabavu, kuomba mtoto, kuomba mgonjwa apone, kuweka nadhiri. Na anayeingia na taa huziona amana za ibada hiyo zimelala chini: chupa za marashi, sarafu, vitambaa, majivu ya ubani. Hapana saruji iliyojengwa hapo na hapana mlango, lakini mahali hapo hapajaota magugu, kwa sababu mwenye kuomba leo akijibiwa hurudi kesho kutimiza nadhiri yake, na katika kurudi huko hufagia.

Sisemi haya ili kumfundisha Mwislamu wala Mkristo itikadi asiyoikubali, na mimi mwenyewe nimelelewa katika kusali kwa Mola mmoja. Ninalolitazama ni jambo moja tu: kwamba maji ya shifa yaliyojengewa na tajiri yameharibika, na pango lisilojengewa na mtu limetunzwa.

Niliposoma habari za Japani nilipata kufahamu kwamba tofauti hiyo si ya Tanga peke yake. Katika nchi ile, ambayo ina majimoto mengi kuliko tuwezavyo kuwazia, watawa wa dini ya Kibudha waligundua mapema ya kuwa maji ya kuponya hayafai kuachwa bila nyumba ya ibada kando yake. Uko mji mdogo uitwao Kinosaki, upande wa Bahari ya Japani, ambako mapokeo yanasimulia kwamba mtawa Dochi Shonin aliomba dua siku 1,000 kwa ajili ya wagonjwa, na chemchemi ikatoka mwaka 720, na baadaye, mwaka 738, likasimamishwa hekalu mlimani, Onsen-ji, jina lisilo na maana nyingine ila hekalu la majimoto. Na desturi ya zamani ya mji huo ilinistaajabisha kuliko taarikhi yake: mgonjwa aliyewasili hakuwa na ruhusa ya kuingia majini hata apande kwanza hekaluni, aombe, afundishwe adabu za kuoga, kisha apewe upawa wake wa kuchotea maji, na mtu asiye na upawa alijulikana kwamba hajafika kwa mwenye nyumba. Mwaka 1925 tetemeko la ardhi liliuangusha mji huo na moto ukaumaliza, na wenyeji wakaujenga upya, na mpaka leo ziko nyumba saba za kuogea, wazi kwa kila mtu, na hekalu liko juu ya mlima, na ndani yake sanamu kuu ambayo hufunguliwa watu waione mara moja tu katika miaka 33.

Vivyo hivyo katika mji wa Arima, ambako mtawa Gyoki anatajwa kuwa alijenga hekalu mwaka 724 kwa ajili ya Budha wa Uganga, Yakushi, ambaye sanamu zake aghalabu humwonyesha ameshika kijungu cha dawa mkononi. Miaka 1,300 si muda mdogo. Katika muda huo wafalme walikuja wakaenda, vita vilipiganwa, matajiri walijenga wakafilisika. Chemchemi, hata ilipoharibika na kuachwa kwa muda, ilipata tena mtu wa kuifagia, kwa sababu haikuwa mali ya tajiri wala ya mfalme, ilikuwa dhamana ya nyumba ambayo wakaaji wake, akifa huyu, hurithiwa na yule.

Msomaji wa Korogwe asidhani kwamba Wabudha ni watu wa ng'ambo tu. Dar es Salaam, Upanga, kuna hekalu lao lililoasisiwa na Wasinhala wa Ceylon, nchi tuiitayo leo Sri Lanka, waliokuja Tanganyika kwa kazi zaidi ya miaka mia iliyopita, na ndani ya uwanja wake umesimama mti wa bodhi uliotokana na mti mtakatifu wa Anuradhapura. Nilipouona mti huo mara ya kwanza nilitabasamu, kwa maana ni jamaa ya mkuyu, na mkuyu ndio mti ambao bibi yangu hakupita chini yake bila kunyamaza, akisema kwamba kwao Uzigua wazee hutambikia chini ya mikuyu. Watu wawili, mmoja wa kisiwa cha Bahari ya Hindi na mwingine wa nyika ya Handeni, hawakupata kuonana kamwe, na wote wawili waliuteua mti wa ukoo mmoja uwe mahali pa kunyamazia.

Na hapa kwetu, kabla ya Mgiriki na Mjerumani, fikira ya kwamba shifa inataka mlinzi ilikuwa imekwisha kukaa. Washambaa wana neno, kuzifya shi, kuiponya nchi, na kinyume chake, kubana shi, kuidhuru. Na mwanataarikhi Steven Feierman, aliyekaa nao na kuandika juu ya ufalme wao mwaka 1974, ameeleza kwa urefu jinsi walivyoamini kwamba nguvu za mvua na za dawa zikiwa chini ya mtu mmoja anayeihesabu nchi kuwa yake huleta neema, bali zikigombaniwa na wengi ambao hakuna mmoja wao anayeona nchi ni dhamana yake, huleta njaa. Ukoo wa wafalme hao, Wakilindi, haukutoka mlimani. Ulitoka upande wa pili wa mto. Mbegha, mwindaji wa nguruwe na mjuzi wa dawa, ambaye kwao Ngulu alikataliwa na ndugu zake kwa kuwa aliota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego, alitoka katika vilima vya Kilindi, nchi ambayo hadi mwaka 2002 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Handeni, akapanda Usambara, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama bila kuuza, na watu wakamfanya mfalme wao huko Vuga. Abdallah bin Hemedi, katika kitabu chake Habari za Wakilindi, ameisimulia safari hiyo kwa namna ambayo msomaji huisikia miguu ikikanyaga majani. Na mjukuu wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, alipofariki mwaka 1862, wakaanza kugombana warithi, na nchi ikabanwa kama lile neno linavyosema, watu wakauzwa, mashamba yakaachwa.

Basi katika wilaya ya Korogwe yenyewe tunao mfano ulio hai. Mwaka 1896 Wajerumani wa kanisa la Kiinjili waliweka nyumba Lutindi, juu mlimani, kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Na watoto walipokua, mwanzoni mwa karne ya 20, nyumba hiyo ikageuzwa kuwa mahali pa wagonjwa wa akili, ya kwanza ya namna yake katika Afrika Mashariki. Vita viwili vya dunia vimepita juu yake, Wajerumani wamefukuzwa, serikali zimebadilika, na Lutindi bado ipo chini ya Kanisa la Kilutheri, wagonjwa wakiamka asubuhi wakaenda bustanini, wengine karakana, wengine kwenye chai, kila mtu na kazi yake kwa kadiri ya uwezo wake, kwa kuwa waanzilishi wake waliona kwamba akili iliyopotea hutafutwa kwa kazi na sala na hewa ya mlimani pamoja na dawa. Hakuna majimoto Lutindi. Kuna ukungu na kengele. Lakini yeyote aliyepanda kule atakubali kwamba kilichoiweka nyumba hiyo zaidi ya miaka 120 ni kuwapo kwa watu ambao, kwa ajili ya imani yao, hawakujiona wenye nyumba bali wahudumu wake. Na ng'ambo ya mto, wilayani Handeni, hospitali ya Kianglikana ya Kwa Mkono ina sifa hiyohiyo kwa wenye watoto waliolemaa.

Handeni, nimetaja nyika yake, na sina budi kusema neno juu ya maji yake, kwa kuwa mtu asiyepata kukaa na kiu hawezi kufahamu kwa nini bibi yangu aliyaita maji ya Sigi maji ya watu. Uzigua ni nchi nzuri isiyo na uhakika wa mvua. Katika miaka ya 1970 serikali ililaza bomba kubwa, ambalo kila mtu analijua kwa herufi zake tatu, HTM, kuvuta maji ya mto wa Korogwe kuyapeleka Handeni, na tangu hapo maisha ya watu yamekuwa yakiufuata mwenendo wa bomba hilo: pampu ikiharibika, ndoo hupangwa kisimani toka usiku wa manane, na bei ya dumu hupanda. Mtu aliyelelewa katika hali hiyo haoni tofauti ya maji ya kunywa na maji ya kuponya. Kwake yote ni rehema, na rehema haina mwenyewe ila ina adabu zake. Ndiyo maana aliushusha mkono wangu kutoka puani.

Nasema basi wazi, nami nawaomba radhi wakubwa watakaosoma: ziko chemchemi kando ya Sigi, mto ambao unazaliwa katika misitu ya Amani, juu ya Usambara ya mashariki, ambazo zimewatumikia watu wa Tanga, Muheza, Korogwe na Handeni bila malipo kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu zetu, nazo zimeachwa. Sipendi zipewe mwekezaji atakayezizungushia ukuta na kutoza kiingilio ambacho mwanamke wa Kwamsisi hana. Tulikwisha kuwa na tajiri, tukaona mwisho wa ukuta wake. Ningependa ziwekwe wakfu, kwa maana halisi ya neno hilo, zisiuzike wala zisirithike. Wapatikane wazee wa kijiji, wa misikiti na wa makanisa, na hao wa mzimu wasisahauliwe, wapewe dhamana ya kufagia, ya kuweka choo na kivuli, ya kutenga wakati wa wanawake na wakati wa wanaume, na ya kumwambia kila ajaye adabu za mahali. Daktari wa wilaya awaonye wenye maradhi ya moyo na wenye vidonda visije vikawadhuru wengine. Upawa pia si jambo baya. Fundi yeyote wa Korogwe anaweza kuchonga pawa za vifuu mia moja kwa wiki.

Siku ile niliyorudi nikiwa mtu mzima, niliziondoa kwa mikono yangu majani yaliyokuwa katika birika moja, nikakaa ndani mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana, kisha nikajaza chupa moja kubwa, nikapanda basi la kurudi. Kizibo hakikukaza. Kabla hatujafika Segera basi zima lilikuwa limejaa harufu ile, na abiria wakaanza kugeuka, na mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akishuka hapo kushika gari la Handeni, akaja akasimama kando ya kiti changu, akainusa hewa.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikitaka kumwomba radhi.

"Marahaba, baba. Hayo ni ya Amboni?"

Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama kuta bado zimesimama, nikamwambia hazikusimama sana. Akasema mama yake alikuwa hai bado, yuko Mkata, magoti hayamwachi kulala. Akatoa katika kikapu chake chupa tupu ya mafuta ya kula, akaifuta mdomo kwa ncha ya kanga, akaishika kwa mikono miwili. Nami nikamimina, taratibu, nusu kwa nusu, huku kondakta akitupigia kelele kwamba gari la Handeni linaondoka.